Amekunywa Nini Minke

Jumatatu, 6 Novemba

Kopo jipya la maziwa ya unga limefika. Muuguzi wa kliniki anasema na haya yametoka kwa ng'ombe, ila yamekatwakatwa vipande vidogo mno, mwili wa mwanangu Minke usiyatambue. Sikuelewa vizuri. Niliitikia tu.

Kufungua — harufu! Soksi zilizolowa. Nikaonja: machungu. Minke akaonja tone moja, akakunja uso wote, akapiga yowe. Chupa baada ya chupa, namwaga tu.

Hedzer akaingia kutoka kukamua, anataka kumbusu mwanawe. Nikamfokea: nawa hayo maziwa kwanza! Maskini mume wangu, akabaki kasimama mlangoni mwake kama mgeni.

Jumatano, 8 Novemba

Mama mkwe kaja. "Mtoto wa zizi hili akatae maziwa? Babu yake angefufuka acheke!"

Nikamwambia, Mama Aukje, umesahau siku ile ya maziwa ya kawaida? Midomo ilivimba kama ya samaki. Pumzi ikawa inapiga filimbi. Akasema: basi ya mbuzi, mwanangu. Mbuzi si ng'ombe. Jirani Wobbe anao tele.

Nilitamani kukubali, Mungu ananiona. Nikampigia muuguzi. Kasema mbuzi na ng'ombe ni mtu na binamu yake, mwili wa Minke utaona ni yule yule. Na ya soya ya dukani? Ya shayiri? Hapana mama, ya pakiti si chakula cha mtoto mchanga, hatakua kwa hayo. Kopo lile lile, kidogo kidogo, hata kwa kijiko.

Mama Aukje alisikia yote. "Wao wamesoma vitabu. Sisi tumelea watu."

Laiti ile homa ya uzazi isingenikausha maziwa! Titi la mama li tamu hata likiwa la mbwa. Langu halina hata tone.

Ijumaa, 10 Novemba

Uzito umeshuka. Muuguzi hakutania leo. Asipokunywa mpaka Jumatatu — hospitali, alishwe kwa mpira puani.

Nimeimba, nimecheza, nimejifanya nakunywa mimi. Kijiko kinashuka, kijiko kinarudi. Ananitazama kama nimemkosea.

Jumamosi, 11 Novemba

Siku ya Mtakatifu Martini. Giza lilipoingia tu watoto wa kijiji wakaja na taa zao za karatasi, wanaimba mlangoni. Hedzer yuko zizini. Mama Aukje akasema nenda kawape peremende, nipe mimi huyu mtoto, umechoka.

Nikaenda. Nilikaa kidogo pale mlangoni, nikacheka hata. Lini nilicheka mara ya mwisho?

Kurudi — Minke anakunywa! Ananyonya kwa pupa, macho kayafumba, kidole cha bibi kakishika. Chupa tupu! Nililia. Nikamkumbatia Mama Aukje, nikamwambia mama una mkono wa baraka. Akaenda kuosha chupa. Upesi upesi.

Nikambusu Minke mdomoni.

Hanuki soksi. Ananuka utamu.

Mama, umempa nini?

"Si amekunywa? Mshukuru Mungu."

Mama! Nini?

Anasugua chupa ile ile. Inang'aa, bado anasugua.

Nimempigia daktari wa zamu. Kinanda kinapiga simuni, subiri, subiri. Naandika huku nikisubiri. Minke kalala kifuani kwangu, katabasamu. Kuna wekundu chini ya kidevu. Au ni alama ya ukosi? Kifua kinapanda. Kinashuka. Je, ile ni filimbi, au ni watoto wa taa bado wako barabarani?

Daktari ataniuliza amekunywa nini. Nitamjibu nini mimi?

Maji jikoni yamefungwa. Mama Aukje kapita mbele yangu bila kunitazama, kachukua koti, kachukua na blanketi la Minke.

Nasikia gari linawashwa uani. Sijamwambia twende hospitali —