Mafuta Niliyomkorogea Swaumu

Itetemia, Tabora

Dada Najiat, shikamoo.

Huku mvua zimechelewa. Shemeji yako Majidi ameshaujenga ule ukuta wa jikoni. Nakuandikia kwa sababu ulipokuja kumzika Swaumu nilishindwa kukwambia.

Mwanao hakufa kwa malaria. Mwezi mmoja kabla ya harusi yake alikuja dukani kwangu, akasema, "Mama mdogo, nataka ning'ae siku hiyo." Nikamkorogea mafuta kwa mkono wangu, yale ya kopo lisilo na maandishi niliyokuwa nawauzia wateja wote. Alitakata kweli. Kisha akavimba uso na miguu, mkojo ukapungua.

Hospitali daktari alimuuliza, "Unapaka nini?" Swaumu akanitazama, akajibu, "Mafuta ya nazi tu." Alikuwa ananisitiri, dada. Mimi nilikuwa nimemshika mkono, nikanyamaza.

Siku ya nne nilishindwa kuvumilia, nikampelekea daktari lile kopo. Likapimwa, likakutwa na zebaki. Akaniambia ni sumu, na figo zimeshaharibika. "Mngesema mapema, mama." Ijumaa asubuhi Swaumu akatutoka.

Makopo yote nimeyakabidhi kwa bwana afya, na duka nimelifunga. Jana binti wa jirani alikuja kuulizia mafuta ya harusi. Nikamweleza kila kitu, akaondoka analia.

Msamaha hauombwi kwa karatasi. Jumamosi napanda treni kuja Mwanza. Ukinifungia mlango, nitakaa nje mpaka utoke, unitukane nikusikie.

Mdogo wako,
Ummy