Sindano ya MaDlodlo na Sukuma za Pumula

Mshauri mpendwa, nisaidie maana hasira imenifika kooni. Mimi ni makoti, nimeolewa na mwana wa MaDlodlo, mama ambaye ndiye mwenyekiti wa bustani yetu ya wanawake hapa Pumula, Bulawayo, na watu hutoka mitaa ya mbali kununua mboga zetu za sukuma wiki kwa sababu hatupulizi dawa, ushahidi wao ni matundu ya wadudu, jani lisilo na tundu hawaligusi, sasa pampu ya kisima imekufa, matuta yamekauka, mama mkwe akaanza kuleta magunia ya sukuma za soko kuu zilizopulizwa dawa, ananipa sindano ya kushonea magunia nizitoboe jikoni kwangu na kuzipaka udongo wa bustani, nikisita ananiambia, "Makoti, watu wa mjini hawali mboga, wanakula matundu. Toboa." Jumamosi, kwenye meza yetu ya kuuzia, jirani yetu NakaLindani, ambaye mumewe ana vidonda vya tumbo na hali mboga nyingine ila zetu, aliinua jani juani akasema, "Makoti, wadudu wenu wamesoma shule gani? Wote wanakula kwa kipimo kimoja." Mama mkwe akacheka kuliko wote, akamwongezea fungu. Mume wangu anasema mama yake asiguswe, na nikisema nje, wenzangu wa bustani wasiojua lolote watachekwa pamoja naye. Nifanye nini huyu mama aache?

Makoti, Pumula

Makoti, hasira yako ni ya haki, ila umeielekeza upande mmoja. Mama mkwe wako ni tapeli, na mvi zake hazibadilishi neno hilo. Anamlisha mgonjwa dawa aliyoikimbia. Lakini sindano iko mkononi mwa nani? Umeandika barua nzima bila kukumbuka kwamba inaweza kuwekwa chini.

Najua makoti hamkemei mama mkwe. Desturi hiyo hiyo imekupa mlango: shangazi wa mumeo. Mpelekee fungu moja na sindano yenyewe, aone kwa macho yake. Yeye atamwambia wifi yake yale usiyoruhusiwa kusema. Mumeo usimuulize, akili yake tumeisikia.

Jumamosi weka mezani kilichotoka kwenye tuta lenu, hata kama ni mafungu mawili yaliyonyauka. Anayeuliza mwambie pampu imekufa. Mtu anayetoka mbali kufuata mboga safi atasaidia kuitengeneza, mradi bado anawaamini.

Kwa NakaLindani usisubiri Jumamosi. Nenda leo, mwambie aitupe ile mboga. Atakutukana. Simama hapo mpaka amalize, ndipo urudi kwako.

Na gunia jingine likiletwa, mrudishie mama mkwe sindano yake kwa mikono miwili, ukiwa umepiga goti, kama ulivyofundishwa kumpa mkubwa kitu. Atoboe mwenyewe.