Betri za Lodwar na Chaza wa Kwetu

Lodwar, 2013

Dada yangu Kadzo,

Shikamoo, wala usinune, umenizidi umri kweli. Mgongo waendeleaje? Mama bado agombana na kuku? Mimi, dada, nina bahati ya kuonewa wivu. Nina kazi ya kivulini, tajiri ananiita fundi, na nyama ya mbuzi naila mpaka naikataa. Nikipita sokoni husalimiwa "Ejok!", nami najibu "Ejok noi!" kwa sauti ya mbunge.

Kazi ni ya betri mbovu za magari. Zinakusanywa Kakuma na hapa Lodwar, namwaga asidi mchangani, kisha napakia lori. Suruali yangu imetoboka kama wavu wa dagaa. Lori likiondoka, sikuwahi kuuliza laenda wapi.

Ndipo barua yako ikafika. Nikamsomea Ekai, Mturkana ninayekaa naye chumba kimoja: chaza wa hori letu huko pwani wamekonda, wengine unawakuta mikokoni wamefunguka wenyewe, wamekufa, mabwana samaki wamewapima, wakasema wana madini ya risasi kutoka kile kiwanda cha jirani, msile. Na mama angali anawala kwa kificho.

Ekai akacheka. "Yaani kwenu munakula mawe?"

"Nyama iko ndani ya mawe, we mchunga mbuzi!"

Dereva wa lori alikuwa akinywa chai nasi. Akaweka kikombe chini. "Kiwanda hicho kina ukuta wa buluu, karibu na mikoko?"

"Ndicho."

"Basi ndiko napeleka betri zako, bwana. Wanaziyeyusha watoe risasi. Maji machafu yanateremka horini, nimeyaona kwa macho."

Nilitafuta mzaha, dada, unanijua. Haukuja. Niliwaza unavyogonga kila chaza kwa mgongo wa kisu ukimsikiliza, aliyejaa unambandua, mdogo unamwacha akue. Lile ganda la chaza ulilonipa nalitumia kuwekea sabuni. Juzi nimelinusa, lanuka sabuni tu. Na hapa hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia lilivyokuwa likinuka zamani.

Nakuomba, mfiche mama kile kisu. Akisema ladha ni ileile, mwambie risasi haina ladha. Supu ya chaza aliyopika imwage, tena usiwamwagie kuku, utawaua na yeye atakuua wewe. Mwambie mwanawe atamletea kitoweo kingine.

Nisalimie mjomba mgema, asinywe yote anayogema, na shangazi wa mahamri, mwambie hapa mahamri ni magumu kama kwato.

Ni mimi mdogo wako,
Kahindi, fundi mkuu wa Lodwar

Dada, hapo juu nimekudanganya. Kazi sina. Lori liliporudi nilikataa kulipakia, tajiri akanifukuza mbele ya watu. Nyama ya mbuzi sijaionja tangu nije huku, na hicho kitoweo cha mama sijui nitakitoa wapi.