Rami Uliyoipima kwa Uzi

Mama,

Ile rami ya kompyuta uliyoniagizia kwa siri imefika, na haiingii. Nakwambia hilo mwanzo kwa sababu ungekuwepo ungeniuliza kabla hujaitikia salamu yangu. Assalamu alaikum, Mama. Hapa Wawi hatujambo. Baba hajambo, na mimi sijambo. Kila anayeniuliza namjibu hivyohivyo, sijambo, naye hunitazama kama anangojea nimalizie.

Sikulia. Siku ya maziko yako vikombe vya wageni vilikuwa haba, nikatumwa kuazima, nikaenda nikarudi. Bi Mwanaisha wa nyumba ya pili alinishika mabega akaniambia, "Lia, mwanangu, kilio si aibu." Nikamwitikia haya, kama niliyetumwa chumvi. Hitma ya arubaini tumeshaisoma, na nazi nilizikuna mimi. Sikuambii hivi kwa kujisifu. Ndivyo nilivyokuwa tu.

Siku chache baada ya hitma, Hamadi, mtoto wa mama mdogo, alinipigia kutoka Dar. Alikuwa na mzigo wako tangu kabla presha haijakuangusha, na alikuwa haoni aanzie wapi kuniambia. Akautia botini, nikaufuata bandarini Mkoani. Ndani ya boksi la biskuti mlikuwa na rami mbili, zimefungwa kipande cha kitambaa cheupe cha kofia, na juu yake uzi wenye mafundo mawili.

Nilipouona uzi nilijua umefanya nini.

Unakumbuka tulivyoanza. Mimi nachapa na kutoa kopi za watu dukani Chake, jioni nacheza mpira kwenye kompyuta ya bosi wangu, inakwama kila mtu akitaka kupiga goli. Nikakwambia nataka kuunga ya kwangu, kifaa kimoja kimoja, maana ya dukani iliyokamilika hatuiwezi. Mama mwingine angeniambia nitafute mume kwanza. Wewe ulileta daftari lako la oda za kofia, ukafungua ukurasa wa nyuma, ukaniambia niandike kila kifaa, na mbele yake kazi yake. "Hiki kazi yake n'nini?" Uliuliza hivyo kwa kila kimoja. Prosesa, nikasema, ndiyo inayofikiri. Mazabodi ndiyo inayowaunganisha wote. Grafiksi ndiyo inayochora picha, na ndiyo ghali kuliko wenziwe. Rami nikakufananishia na meza yako ya kukatia: ikiwa pana unatandaza kitambaa chote, ikiwa finyu unakunja na kukunjua. Ukasema, "Basi hapo pa meza tusibane."

Nilitaka keisi, boksi la kuvitia vyote, ya vioo yenye taa za rangi. Ukaitazama kwenye simu yangu kwa muda mrefu. "Wataka mashine ama wataka pambo la harusi?" Tukachukua keisi kuukuu ya bati iliyotupwa na ofisi moja, ukaisugua kwa majivu ikang'aa, mimi nimenuna. Pawa saplai, ya kugawa umeme ndani, ndiyo uliyokataa katakata isiwe mtumba. Umeme wetu unaujua, ulishatuulia friji. Hapo ulikuwa na haki kuliko vijana wote wa mtandaoni niliowasoma, na sikukwambia.

Grafiksi ikachelewa kwa ajili ya uchaguzi. Bendera za vyama zilikuwa hata kwenye minazi, na majirani wawili hawapeani salamu. Ukasema tungoje watu wapige kura wapoe, ndipo tuagize kitu cha thamani. Tukangoja. Ilipofika, ya mtumba lakini nzima, uliipokea kwa mikono miwili. Ikabaki rami peke yake.

Basi hiyo ukaamua kuninunulia mwenyewe, kwa pesa ya kofia zako, bila kuniambia. Naweza kukuona. Mimi nimekwenda kazini, mazabodi iko juu ya boksi lake chumbani, nawe umeinama na uzi. Ndivyo ulivyopima vichwa miaka yote. Wateja wa mbali walikuletea uzi una fundo, ukashona kofia ya viua, ukavitoboa vitundu vyake na kuvizungushia nyuzi kimoja kimoja, ikamkaa mtu usiyepata kumwona. Hukukosea kichwa hata siku moja. Ukapima na mfereji wa rami, fundo huku na fundo huku, ukampelekea Hamadi: nataka ya urefu huu.

Na urefu ni sawasawa, Mama. Nimeuweka uzi wako juu ya rami, haukuzidi wala haukupungua. Lakini rami zina vizazi. Mazabodi yetu yataka kizazi cha nne, na hizi ni za tatu. Urefu ni mmoja, ila kila kizazi kina pengo lake mahali pake, chini pale panapoingia. Tofauti haifiki upana wa ukucha. Nilijaribu upande huu, nikageuza, nikajaribu tena, ilhali najua fika kwamba haitaingia. Kisha nikakaa chini nikaitazama. Hata hapo sikuhisi kitu.

Hamadi akasema muuzaji yuko tayari kubadilisha, tukiwahi kabla ya mwisho wa wiki. Za kizazi cha nne anazo, ila meza yake finyu kidogo, maana thamani ndiyo hiyo. Kubadilisha mazabodi ifuate rami, lazima na prosesa ibadilike, na hapo tungeanza upya na kitu dhaifu zaidi. Kununua nyingine na hizi nikaziweka, sina cha kununulia. Ni mojawapo: nizirudishe, au mashine ibaki boksi la bati.

Baba hakutaka. Kanga yako bado iko kwenye msumari nyuma ya mlango, hataki iguswe. "Usizitoe, mwanangu," aliniambia. "Hizo kaagiza yeye." Akatoka kwenda msikitini. Nilibaki na zile rami kwenye kitambaa chako siku tatu. Nilikuwa nikizifungua, nikizifunga.

Nikakumbuka ile kofia ya mwalimu wa madrasa iliyombana. Uliifumua yote, kazi ya miezi, na mimi nikakuonea huruma kuliko ulivyojionea wewe. Ulisema, "Kofia n'ya kuvaliwa. Isiyoingia kichwani haina pole." Leo asubuhi nimezifunga tena, nikaenda Mkoani, nikampa dada mmoja anayesafiri na boti. Uzi nimeubakisha. Muuzaji hana kazi nao.

Sasa sikiliza. Kila nilipokupelekea kofia zako bandarini, nikishakabidhi nilikuwa nakupigia, maana hukuwa unatulia mpaka usikie. Leo nimekabidhi, nimegeuka, nimetoa simu, nimekupigia. Sikufikiri. Ikaita. Ikapokewa, na sauti ya Baba ikasema, "Hayupo," vilevile alivyokuwa akiipokea ukiwa jikoni. Kumbe simu yako anaichaji kila siku. Watu walikuwa wananipita na mabegi yao.

"Ushazipeka?" akaniuliza.

"Nshazipeka, Baba."

"Haya. Uje ule."

Nikalia, Mama. Pale pale, mbele za watu, nimejifunika ushungi. Si sana. Mama mmoja muuza embe akanisogezea kigoda.

Ndio nimerudi, nimekula, nakuandikia. Rami zikija nitaiunga mwenyewe, Baba atanishikia tochi hata kama hajui anamulika nini. Sitaifanya kumbukumbu ya kufunikwa kitambaa. Nitaichezea mpaka herufi zifutike kwenye vitufe, na Alhamisi nitaizima mapema nikusomee Yasini.

Mungu akupe nafasi huko, na nuru, na wenzio wema. Simu yako nimemwambia Baba asiizime, kwa kuwa ya kwake imekufa na hajataka nyingine. Kwa hiyo ukisikia namba yako inaita, Mama, usishughulike kuja. Sikuiti tena wewe. Namtafuta Baba.

Mwanao,
Raya