Mashimo ya Kumeza Mvua

Papa mupenzi,

Ni mimi Kahindo, binti yako. Nakusalimia kutoka huku Butembo. Mugongo yako iko namna gani? Na kakao ya kwenu kule Mavivi, inazaa? Siye huku tuko bazima, mimi na batoto, Mungu anatuchunga. Tangu tulikimbia vita, barabara inaniogopesha, donc naandika.

Papa, niliona kitu moja, na mupaka leo ninashangaa.

Unajua tunapanga nyumba pembeni ya korongo, chini ya kilima. Batu ba kukimbia vita hapana banapata fasi ingine. Mvua ya siku hizi haiko ile ulitufundisha kulimia. Inakosekana wiki mingi, kisha inaanguka yote mara moja. Mwaka jana ilibeba jikoni ya jirani yangu, masufuria yote ndani. Ilikuwa muchana, tulisimama tunaangalia udongo inakatika kama mukate.

Shefu wa avenue akaita mukutano. Batajiri ba kule juu bakasema: "Bale ba chini bahame, ni hatari." Bahame wapi? Hapana mutu alituuliza. Ni pale Masika, jirani yetu wa huku chini, alisukuma kinga yake ya mikono, ile baiskeli ya magurudumu tatu, mupaka mbele. Masika anashonaka nguo. Miguu yake haitembei tangu utoto. Alisema bila kupandisha sauti:

"Mimi ninapita chini, karibu na udongo. Nyinyi munakimbia mvua, mimi ninabaki naangalia maji inatokea wapi. Haianzii kwetu. Inatoka ku mabati yenu, na ku viwanja vyenye mulifunika na simenti. Kila mvua munatumwangia."

Niliogopa juu yake, Papa. Mama Kavugho, mwenye ile nyumba ya ghorofa kule juu, akasimama. Nikawaza: sasa atamutukana. Akauliza tu:

"Tufanye nini?"

Masika akajibu: "Kila nyumba ya juu ichimbe shimo ya kumeza maji ya mabati yake. Siye ba chini tutapanda mianzi ku kingo. Mais mutuite wakati munakata shauri, hapana wakati wa kuchimba tu."

Kesho yake Mama Kavugho alishuka kwetu. Masika alimuonyesha mulango wake: hatua tatu, kisha hewa. Yule mama alishika ukuta, akachungulia chini ku korongo. Kurudi kwake, akavunjisha simenti ya kiwanja chake mbele ya majirani bote. Bengine bakafuata. Jumamosi za salongo, ile kazi ya bote pamoja, niliona vitu sijaonaka: Bakatolika na Baprotestanti, benye nyumba na bapangaji, muzee asiyeona anapima urefu wa shimo na mikono, na Masika anaelekeza bote kutoka ku kinga yake sawa jemadari.

Mvua ya nguvu ilikuya siku ya soko, saa tisa ya muchana. Ilipiga mabati mupaka hatukusikiana. Nilikumbatia batoto, nikangojea ule muungurumo wa korongo. Haikukuya. Nikatoka inje, nikaloa. Maji ilikuwa inashuka, mais pole pole, inazunguka mianzi michanga. Kule juu, batu balikuwa banainama ku mashimo yao. Mama Kavugho akapaza sauti kutoka kilimani:

"Masika! Ya kwangu inameza!"

Masika akafunika uso na mikono. Siye bote tulibaki tunaangalia korongo sawa batu benye kuingia kanisa.

Korongo haijafungwa, Papa. Mvua ingine inaweza kutushinda. Mais sasa bale ba juu habasemi tena tuhame bila kutuita.

Unisalimie shangazi Kyakimwa, mwenye kukausha kakao, na kaka Paluku, katekista wetu. Bibi umwambie batoto banajua sala zake zote.

Zamani mvua ikianza usiku, tulilala na viatu ku miguu, tayari kukimbia. Wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza, nilivua viatu, nikalala.

Wasingya kutsibu, aksanti sana, Papa.

Binti yako mwenye kukutamani,
Kahindo