Santuri Haikukwama

Baba Ilunga, mume wangu,

Gramafoni bado iko mezani, chini ya kitambaa nilichokifuma. Naanza na hilo ili moyo wako utulie.

Unakumbuka mhandisi wenu alipofunga mizigo kurudi Ulaya? Wenzako wa kiwanda cha shaba walibeba viti alivyoviacha. Wewe ulirudi hapa kwenye mtaa wetu uitwao Kenya na gramafoni na santuri tatu za Mmarekani mmoja, mtunzi wa muziki wa siku hizi: mbili za okestra nzima, moja ya fidla nne tu. Nilinuna, nilitaka viti. Ukaweka sindano, na kipande kilekile kikajirudia, kikajirudia, hata mdogo wako Kasongo, aliyekuita Yaya kwa kuwa u kaka yake mkubwa, akapiga kelele: "Yaya, disiki yako imekwama!"

Ukacheka. "Haiyakwama. Iko inatembea polepole, sawa mashini yetu. Sikiliza."

Miaka yote alikuja kuisukuma sindano, na miaka yote ulimpiga mkononi kwa kijiko.

Mwezi uliopita tuliondoa matanga yako. Ndugu zako wakagawana vitu vyako kama ilivyo desturi: baiskeli, koti, redio. Kasongo akashika gramafoni, akaniambia mimi shemeji yake: "Mulamu, hizi disiki za kukwama nitatupa. Nitapigia zangu za rumba."

Sikulia. Nikamwambia, "Tupige upande mumoja mpaka mwisho. Kama imekwama, beba yote."

Wakakubali huku wakicheka. Okestra ikaanza. Kasongo akainuka mara mbili, kidole tayari. Mara ya tatu mama yako akamkemea: "Ikala! Yaya yako alikukataza akiwa muzima. Sasa hayiko, ndiyo utamushinda?"

Akakaa.  Taratibu ule mzunguko ukaanza kubadilika, sauti moja baada ya nyingine, mpaka tarumbeta zikaingia zote pamoja na mabati ya paa yakatetemeka. Mama yako akapiga kigelegele. Kwenye matanga! Kasongo akashika kichwa: "Kumbe ilikuwa inatembea!"

Aliirudisha mezani mwenyewe, akaipangusa vumbi kwa shati lake.

Tangu hapo huja kila Jumapili kusikiliza zile fidla nne. Nami ninapozisikia nakuona umefumba macho, vidole vikihesabu kwenye goti. Jana jirani aliita dirishani, "Mama Ilunga, disiki imekwama!" Kabla sijafungua mdomo, Kasongo alimjibu: "Haiyakwama! Sikiliza!"

Pumzika, baba. Kijiko nimekirudisha jikoni. Hakina kazi tena.

Mke wako,
Mama Ilunga