Kinanda Upande wa Pili wa Ukuta

Ijumaa, 22 Septemba 1995

Aibu kama ya jana hatujapata kuiona tangu tuanze bendi. Na bado nacheka. Peke yangu, chumbani, mto mdomoni ili mke wangu Mahbouba asinisikie.

Harusi ilikuwa Al Qabil, kwa Bi Turkiya, anamuoza binti yake mkubwa. Sisi kama kawaida upande wa wanaume, ukuta katikati, spika mbili juu ya ukuta zimeelekezwa kwa wanawake. Hatuoni kitu. Bibi harusi akitoka tunajua kwa vigelegele tu, ndiyo ishara yetu miaka yote. Basi vikapigwa. Vikubwa! Nikawakonyeza wenzangu — Hamed kwenye besi, Marzouq gitaa la pili, Musabbah ngoma — tukaupiga wimbo wa kumtolea bibi harusi, na solo yangu yote, ile ndefu. Sikuacha kitu.

Kumbe si bibi harusi. Ni bibi yake mzaa baba, amefika kutoka Bujumbura bila kutegemewa, katoka uwanja wa ndege moja kwa moja na begi lake. Wanawake walipomwona ndiyo vile vigelegele. Aliposikia muziki akajua ni wake. Akacheza toka mlangoni mpaka jukwaani, akakaa kwenye kiti cha bibi harusi, akaanza kupepewa. Nani atamwinua? Bibi harusi mwenyewe kaja baadaye, sisi tumeshaweka magitaa chini tunakula biriani. Kaingia kimya kimya, kama anayekwenda kutia saini ofisini.

Bi Turkiya katuma mtu kutuambia: kula, kuleni. Lakini msipige tena.

Jumatatu, 25 Septemba

Habari imefika hapa Ibra kabla yetu. Leo ofisini kila aliyekuja kuuliza bili ya maji aliniuliza pia bibi wa Bujumbura hajambo. Nikajibu hajambo, anakusalimu.

Jioni tulikutana kwa Hamed, na hapo kicheko kikaisha. Bi Turkiya ana binti wa pili, anaolewa Novemba, na keshasema atamleta mwanamke wa Maskati mwenye kinanda. Mwanamke mmoja na kinanda kimoja. Anaingia ndani na wanawake wenzake, anamwona bibi harusi kwa macho yake. Ngoma zimo humo humo, fidla imo, filimbi imo. Na kina mama wa huku wote wanamtazama Bi Turkiya. Akibadilisha mapazia, nyumba zote zinabadilisha mapazia. Akileta kinanda, sisi basi. Ibra Jazz, kwisha! (Hakuna hata mmoja wetu anayepiga jazz. Jina tulilibeba tu kutoka bara, Bujumbura, tulipohama kuja huku; kule kila bendi ilijiita Jazz.)

Musabbah akasema khalas, imekwisha, yeye anarudi Sur kwenye barafu yake. Ana kiwanda cha barafu, anawauzia wavuvi. Hamed akaguna. Marzouq hakusema neno. Marzouq ni shemegi yangu, namjua: asiposema neno mimi huogopa.

Jumamosi, 30 Septemba

Nilijua!

Marzouq kaja kutoka Bidbid, kwenye duka lake la spea pale njia panda, na boksi refu nyuma ya gari. Kinanda. Kakinunua Ruwi, Maskati, bila kuuliza mtu. Nikamwambia sisi ni bendi ya magitaa, na hicho nani atakipiga. Akajibu: "Si dada yangu."

Dada yake ni mke wangu. Chai ikanipalia.

Mahbouba ni mpiga taipu wa idara ya elimu. Hajawahi kushika ala yoyote, ila miaka yote tunafanya mazoezi majlis, chumba cha wageni wanaume, na yeye yuko ndani anatusikia. Alikiweka kinanda juu ya meza ya kupigia pasi. Akajaribu kidole kimoja. Halafu viwili. Wanetu Alaa na Yazan wakaacha katuni wakaja kusimama. Ilipofika magharibi alikuwa anapiga mwanzo wa wimbo wa kumtolea bibi harusi, mkono wa kulia wote, huku akinitazama mimi badala ya kutazama vidole.

Nikamuuliza kajifunza wapi.

"Nitajifunza wapi, Baba Alaa? Si hapo jikoni."

Jumanne, 3 Oktoba

Nimeumbuka ndani ya nyumba yangu.

Nilipokuwa kijana Bujumbura nilikuwa nanunua kaseti za rock ya Marekani ya kusini. Bendi moja niliipenda kupita kiasi. Magitaa matatu yanalia pamoja, basi, hakuna cha ziada. Wale ndio walionifanya nishike gitaa. Halafu mwaka themanini na sita wakatoa kaseti mpya: kinanda toka mwanzo mpaka mwisho, magitaa yamesukumwa nyuma huko, unayatafuta. Nilijiona nimesalitiwa. Niliitupa chini ya kiti cha gari, na kila nilipobadilisha gari nikahama nayo. Sijui kwa nini sikuitupa moja kwa moja.

Leo narudi kutoka kazini, naisikia jikoni! Mahbouba kaiokota alipokuwa anasafisha gari. Anaisikiliza kipande, anakimbilia kwenye kinanda, anarudi kuirudisha nyuma. Nikamwambia hao ndio waliojiharibu. Akasema hawakujiharibu, walichoka kupiga kelele.

Nimekwenda msikitini mapema.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mazoezi ya kwanza na kinanda. Hamed na Musabbah si maharimu wa Mahbouba, kwa hiyo yeye sebuleni, sisi majlis, waya umepita dirishani. Marzouq ndiye tarishi, maana ni kaka yake. Anaingia mikono mitupu, anatoka na amri. Dada anasema besi ipungue. Dada anasema Musabbah asipige ngoma kwenye beti, kinanda kina ngoma zake, kuna kitufe.

Musabbah akaweka vijiti chini. "Wallahi, kitufe! Miye natoka Sur, saa mbili njiani, nije nishindwe na kitufe?"

Marzouq kaingia, katoka. Dada anasema Musabbah apige kwenye kiitikio, kitufe hakiwezi kiitikio, na wali wa nazi uko tayari. Musabbah akaviokota vijiti.

Kisha zamu yangu. Marzouq kasimama mlangoni anaangalia viatu. Dada anasema solo ni ndefu. Wanawake wakifika katikati hawajui wacheze au wakae. Ipunguzwe. Ikiwezekana itolewe.

Itolewe! Nilijibu kwa gitaa. Nikaipiga yote, nikairudia. Halafu kile kitufe kikaanza, taratibu, besi ya Hamed ikaingia chini yake, na kinanda kikaja na ule mlio wa themanini na sita, mpana, laini, umejaa nyumba nzima. Ukanipita juu. Nikajikuta nimeacha kupiga, nasikiliza.

Hapa hanisomi mtu, niseme ukweli. Ilikuwa nzuri mno. Imeniuma.

Jumamosi, 7 Oktoba

Sisemi naye. Kapika mchuzi wa jodari. Nimekula. Nimeongeza. Sisemi naye.

Jumapili, 8 Oktoba

Nimesema naye. Mtungi wa gesi uliisha, ikabidi.

Ijumaa, 20 Oktoba

Jana Sur! Musabbah kamuoza mpwa wake, akatupa nafasi tujaribu mtindo mpya kwa watu wake, tukiaibika tuaibike nyumbani. Mahbouba na kinanda ndani kwa wanawake, waya mrefu juu ya ukuta, spika huku na huku. Mimi nikapewa vipande vidogo vya nyuma, ting hapa, ting pale. Kazi ya kuokota makombo.

Lakini bibi harusi alipotoka, muziki ulitoka naye. Akitembea, unatembea. Aliposimama kurekebishwa shela (alinihadithia Mahbouba baadaye) kinanda kikashikilia noti moja na kumngoja, sisi tukangoja nacho. Kwa mara ya kwanza bendi yetu ilijua nini kinatokea upande wa pili. Vigelegele havikukatika. Hata wazee wa Sur upande wetu walianza kutikisa bakora.

Baada ya chakula mzee mmoja kaja kuuliza nani mpiga kinanda. Sasa utamjibu nini? Huwezi kutaja jina la mke wako katikati ya wanaume. Hamed katazama juu. Musabbah ghafla kakumbuka barafu. Mzee kanitazama na gitaa langu lililolala, kaamua mwenyewe kwamba ni mimi, na kinanda nimekificha nyuma ya turubai. Kanishika mkono. "Tislam iidak, isalimike mikono yako, mwanangu. Vidole hivi Mungu akuhifadhie." Nyuma yake ikaundwa foleni. Nikapeana mikono na nusu ya Sur, na kila mmoja nikamjibu alhamdulillah. Si uongo.

Njiani nikamhadithia Mahbouba. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema nimpe basi mkono aubusu, ule wenye baraka. Halafu akauliza: na gitaa je, kuna aliyesema kitu juu ya gitaa? Nikasema hakuna. Akarudisha miwani yake na hakucheka tena mpaka Ibra.

Jumanne, 24 Oktoba

Bi Turkiya kapiga simu nyumbani. Kasikia ya Sur. Mwanamke wa Maskati kaambiwa asije. Anatutaka sisi, tarehe mbili Novemba, Al Qabil. Na wengine wawili waliokuwa wanangoja kumwona yeye anafanya nini wamempigia Marzouq hapo hapo. Bendi imepona!

Sharti moja. Gitaa lile linalolia, langu mimi, asilisikie. Ndilo lililomkalisha mkwe wake, yule wa Bujumbura, kwenye kiti cha mwanawe, na hataki litokee spikani hata dakika. Mahbouba alinieleza polepole, kwa sauti ile anayomwambia Yazan habari za sindano. Akasema nikikataa na yeye atakataa, atampigia Bi Turkiya leo hii.

Nikafikiri. Wenzangu hawa nimepiga nao toka nina nywele. Nikamwambia asipige simu. Nitakwenda, nitabeba spika, nitafunga nyaya. Mtu akiwa fundi kwenye bendi yake mwenyewe si aibu. Akasema sawa, lakini alibaki amesimama mlangoni muda.

Jioni nilibadilisha nyuzi za gitaa, zote. Sijui za kazi gani.

Alhamisi, 2 Novemba. Al Qabil

Naandika garini, nje ya ukuta. Magharibi imeshapita. Nimepandisha spika, nimefunga nyaya, nimezijaribu, zote nzima. Hamed na wenzake wako chini ya hema. Gitaa langu liko kiti cha pembeni. Kalileta Marzouq, mimi nililiacha nyumbani kwa makusudi.

Harusi imefana. Bibi wa Bujumbura bado yupo, hakurudi kwao, safari hii wamempa kiti chake peke yake. Biriani inanukia mpaka humu garini. Nimefurahi. Kweli nimefurahi, bendi ipo, watu wanatutaka. Ila mikono sijui niiweke wapi, ndiyo maana naandika.

Vigelegele. Hivi ni vya kweli, kinanda kimeanza navyo.

Ngoja. Hivi sivyo tulivyofanya mazoezi. Kile kitufe cha ngoma kakizima. Hamed kaacha, Musabbah kaacha, kimebaki kinanda peke yake. Anapiga —

Anapiga solo yangu. Kwa kinanda! Ile ndefu, toka mwanzo, hata pale ambapo kidole changu cha mwisho huchelewa kila siku, na yeye anachelewa pale pale. Kumbe alikuwa anausikia hata huo uchelewaji. Wanawake wanapiga makofi. Bi Turkiya mwenyewe atakuwa anapiga, maana yeye kakataza gitaa, na hili si gitaa. Nacheka garini kama mwehu na machozi yananitoka, na sijui kipi ni kipi.

Amesimama.

Kafika nusu, kasimama. Hakukosea, Mahbouba hakosei. Kasimama pale pa kupandia, pale gitaa linapolia. Makofi yanaendelea peke yake. Bibi harusi bila shaka yuko katikati ya zulia, anangoja kuambiwa atembee.

Marzouq anakuja mbio, kanzu kaikunja mkononi, na mkono wa pili anavuta waya wa gitaa. Nimeufuata waya kwa macho: umepanda ukutani, umekwenda mpaka kwenye spika ya wanawake. Sikuufunga mimi huo.

Kinanda kimegusa noti moja, ile inayotangulia yangu. Kimenyamaza tena. Makofi bado. Bi Turkiya atanichinja.

Marzouq kafungua mlango wa gari. Anasema, shemegi, utapiga au utaandika.